Pagaram au pagarão: Kireno kianzie kwenye mkazo

Kila mwanafunzi wa chuo kikuu aliyewahi kugoma, awe wa Dar es Salaam au Nairobi, ameshatamka kitenzi cha Kireno, tena kwa mkazo ulio sahihi, bila kufundishwa na mtu. Aluta continua! Wengi wanadhani "aluta" ni neno moja, na wapo wanaoapa kwamba ni Kilatini. Ni Kireno: a luta, mapambano, continua, yanaendelea. Kaulimbiu hiyo tumeipata kwa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoanzishwa Dar es Salaam Juni 1962, na Samora Machel akaipaza majukwaani hadi ikawa mali ya bara zima. Kitenzi chake kina silabi nne, con-ti-nu-a, na mkazo uko kwenye nu, silabi ya pili kutoka mwisho. Hapo ndipo ulimi wa Mswahili unapouweka mkazo wa karibu kila neno, kwa hiyo tumepatia kwa bahati. Urudishe nyuma silabi moja, uandike contínua kwa alama juu ya i, na kitenzi kimekwisha kazi yake. Umebaki na kivumishi tu, "ya mfululizo", na mapambano yenyewe hayaendi popote.

Bahati hiyo haidumu. Mimi nafundisha Kireno Mtwara, jioni, katika chumba cha nyuma cha duka la daftari na kalamu, na mchana natafsiri hati za mizigo. Wanafunzi wangu ni wauza vitenge, madereva wa malori, mawakala wa forodha, na vijana wanaotafuta kazi ng'ambo ya mto Ruvuma, Msumbiji. Baadhi wanavukia Kilambo, wengine wanazunguka hadi Mtambaswala kwenye Daraja la Umoja lililofunguliwa Mei 2010. Siku hizi wapo pia wenye ndoto za ukalimani, maana Agosti 2019 SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne, kikakaa meza moja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kila anayeingia darasani ana kijitabu mkononi. Bom dia, habari za asubuhi. Quanto custa, bei gani. Maneno yamejaa kurasa kwa kurasa, na juu ya mkazo hakuna hata mstari mmoja.

Nina ugomvi na vijitabu hivyo, na nina ugomvi na walimu wenzangu wanaovifuata. Kwa msemaji wa Kiswahili, mkazo wa vitenzi ndilo somo la kwanza la Kireno. Salamu zisubiri. Bei ya nyanya isubiri. Ukikosea jina la nyanya utaonyesha kwa kidole na muuzaji ataelewa. Ukikosea mkazo wa kitenzi, yule unayeongea naye ataelewa vizuri kabisa, ila ataelewa jambo jingine, na wala hutajua.

Tuanze na ulimi wetu wenyewe. Kiswahili kinaweka mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na neno likirefuka nyuma, mkazo unasogea nalo: PI-ka, pi-KI-a, pi-ki-A-na. Hatuufikirii. Hata m peke yake ikikaa mahali pale inabeba mkazo, kama katika mtu na mke. Yapo maneno machache yanayokataa utaratibu huu, na kila mtoto anayajua: barabara inayopita magari haitamkwi sawa na "barabara!" ya kukubaliana na mtu. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikio la Mswahili halisikii mkazo. Linausikia. Halijazoea tu kuutegemea kwa maana.

Kireno kinautegemea kila saa. Chukua pagar, kulipa. Wakati uliopo ni zawadi kwetu: pago, nalipa, paga, analipa, pagamos, tunalipa. Yote mkazo wake ni wa pili kutoka mwisho, kama nyumbani. Hata wakati uliopita wa umoja tunauweza, na sababu yake inachekesha. Paguei, nililipa, kwa Mreno ni silabi mbili, pa-GUEI, kwa kuwa irabu zile mbili za mwisho anazitamka kwa pumzi moja. Sisi hatuna mtindo huo. Kwetu kila irabu ni silabi, ndiyo maana kaa na taa ni silabi mbili mbili na mtunga tenzi anazihesabu hivyo. Mwanafunzi wangu anasema pa-GE-i, silabi tatu, na mkazo unaangukia pale pale Mreno anapoutaka. Hesabu ya silabi imekosewa, mkazo umepatikana. Pagou, alilipa, ni vivyo hivyo: pa-GO-u. Namwacha aendelee.

Mtego uko kwenye wingi.

"Walilipa" ni pagaram. Mkazo uko kwenye ga: pa-GA-ram. Sisi tunapenda neno liishe kwa irabu. Ndivyo tulivyopata hoteli, benki na basi. Mwanafunzi anaiona ile m ya mwisho, ulimi unaidai irabu, anaongeza u bila kujijua: pagaramu. Ile u ni silabi. Mkazo wetu mtiifu unasogea kuifuata, pa-ga-RA-mu, na hapo ameshaingia wakati mwingine kabisa. Kwa maana "watalipa" kwa Kireno ni pagarão, na mkazo wake uko mwisho: pa-ga-RÃO. Ule mwisho wa -am na ule mwisho wa -ão hutamkwa sawa, sauti moja inayopitia puani. Macho yanaona tahajia mbili, masikio yanasikia kitu kimoja. Kinachotenganisha waliolipa na watakaolipa ni mkazo peke yake.

Mwanafunzi wangu mmoja, mfanyabiashara wa vitenge ambaye soko zima linamwita Mzee, alimtumia mwenzake wa Pemba ya Msumbiji ujumbe wa sauti. Wateja wa Mtwara walikuwa wamekwisha kulipa nusu, na alitaka robota la pili liachiwe livuke. Robota halikuvuka. Zikapita siku, ghala ng'ambo likaendelea kuhesabu pesa yake. Alikuja darasani amekasirika, akaweka simu juu ya meza na kutupigia ule ujumbe wake mwenyewe. Pagaramu metade. Binti mmoja aliyezaliwa Mueda alitafsiri hata kabla sijafungua mdomo.

"Mzee, hapa umesema watalipa nusu."

"Nimesema wamelipa, mwanangu. Sikiliza tena. Pagaramu."

"Ndiyo hiyo hiyo, Mzee."

Aliupiga mara nyingine, simu ikiwa imegusa sikio. Kisha akauliza swali ambalo vijitabu vyote havijibu: kama m haitamkwi, wameiweka ya nini? Nilimweleza kwamba m ile si m. Ni ishara ya kuipeleka sauti puani, na midomo haikutani. Usiifunge midomo, na hutakuwa na cha kufungulia ile u. Akajaribu huku akigonga meza kwa kidole kwenye ga. Pa-GA-ram. Alipopata, binti wa Mueda akapiga makofi, na yeye akanuna zaidi, maana hesabu ya ghala ilikuwa palepale.

Sasa tazama umoja, ambako ulimi wetu unafanya kosa kinyume chake. "Atalipa" ni pagará, mkazo mwisho, na alama imewekwa wazi juu ya a. Msomaji wa Kiswahili anaipita ile alama kama inzi aliyetua kwenye karatasi, anasoma pa-GA-ra. Lakini pagara, bila alama, nayo ni neno: "alikuwa amekwisha kulipa", wakati uliopita wa zamani, wa vitabuni zaidi kuliko wa mitaani. Kwa watu wengi, basi, tunageuza yaliyopita kuwa yajayo. Kwa mtu mmoja, tunageuza yajayo kuwa yaliyopita zamani. Sijui kama kuna taifa jingine linalokosea kwa ustadi wa namna hii.

Nimeshaambiwa kwamba nakuza jambo dogo. Hoja ya kwanza ni kwamba muktadha utasaidia: mtu akisema jana, ontem, msikilizaji atajua ni jana. Kweli, akisema. Ujumbe wa Mzee haukuwa na jana wala kesho, na ujumbe mwingi wa biashara hauna. Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Katika mazungumzo ya kila siku, Maputo hata Lisbon, watu hawasemi pagarão sana. Wanasema vão pagar, "wanakwenda kulipa". Sawa. Ila mikataba husema pagarão. Barua za benki husema pagarão, taarifa ya habari pia, na mkutano wa mawaziri ambako mmoja wa wanafunzi wangu anataka kukaa kwenye kibanda cha ukalimani hausemi kingine. Tena tatizo la Mswahili si kwamba ataikosa pagarão anapoihitaji. Tatizo ni kwamba ataisema asipoihitaji.

Kwa nini wakati ujao wa Kireno una mkazo mwishoni, ilhali pagaram haiko hivyo? Hapa walimu hukaa kimya na kuwaambia wanafunzi wakariri, na naona wanawanyima raha. Wakati ujao ulikuwa maneno mawili. Watu wa Kilatini cha mitaani walisema "kulipa nina", yaani nina la kulipa, na kwa Kireno "nina" ya aina hiyo ni hei, hás, há, hão. Bandika nyuma ya pagar: pagarei, pagarás, pagará, pagarão. Neno la pili liliingia na mkazo wake na halijauacha mpaka leo. Na ushahidi bado uko hai katika Kireno rasmi, kwa sababu ukitaka kutia mtendwa, unautenganisha tena ule mshono: pagar-te-ei, nitakulipa. Pagar, kisha te, "wewe", kisha ei. Wazungu wanaojifunza Kireno hulia machozi wakifika hapo. Mwanafunzi wangu wa Mtwara hashtuki hata kidogo. Ni-ta-ku-lipa: kwani ku yetu inakaa wapi? Hata ta yetu ilikuwa kitenzi kizima, taka, na bado inajitokeza tukisema atakayekuja. Lugha mbili zisizo na undugu, moja ikichukua "kuwa na" na nyingine "kutaka", zote zimejenga kesho kwa kitenzi kilichochakaa. Mwalimu akianza na hilo, mkazo wa mwisho haukaririwi tena. Unaeleweka.

Wareno wenyewe hawakuuandika vizuri siku zote. Anayesoma barua na taarifa zao za karne ya kumi na sita, wakati Francisco de Almeida alipoivamia Kilwa mwaka 1505 na baadaye walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593, atakutana na tahajia isiyotulia, -am na -ão zikibadilishana nafasi, na itambidi apime mwenyewe kama meli zilifika au zitafika. Kanuni ya leo imekuja baadaye sana. Na kwa miaka yote waliyokaa pwani hii, hadi Waomani walipoichukua ngome mwaka 1698, walituachia meza, bendera, gereza, leso, karata na parafujo. Vitu vitupu. Na karibu vyote mkazo wake ulikuwa tayari mahali tunapopataka, ban-DEI-ra ikawa be-NDE-ra bila ubishi. Vitenzi vyao viliondoka na meli. Labda ndiyo sababu tunadhani Kireno ni rahisi: tumekijua kwa nomino.

Kuna watakaosema lugha hii imetungwa kwa ukaidi. Sikubali, na mfano wangu ni "tulikuwa tunalipa", pagávamos. Mkazo wa tatu kutoka mwisho! Katika Kiswahili hilo ni karibu haramu. Kilatini nacho kiliweka mkazo pili kutoka mwisho katika umbo hili, kama sisi: "tulikuwa tunaimba" ilikuwa can-ta-BA-mus, na Waitaliano wameuacha hapo hapo, can-ta-VA-mo. Wareno wakaurudisha nyuma. Kwa nini? Soma safu nzima kwa sauti: can-TA-va, can-TA-vas, can-TA-va-mos, can-TA-vam. Mkazo umesimama kwenye ta tangu mwanzo hadi mwisho. Hawakuvuruga utaratibu, waliutengeneza upya kwa kufuata shina badala ya kufuata mwisho wa neno. Sisi tunahesabu kutoka nyuma. Wao, katika wakati huu, wanashika irabu moja na hawaiachi. Nawafundisha wanafunzi safu hiyo kwa kugonga meza kabla hawajajua maana yake, na wapita njia wanadhani tunafanya mazoezi ya ngoma.

Jambo hilo hilo linaonekana kitenzi kinapobandikwa kijineno nyuma. Kwa Kiswahili lipa ikiwa lipeni, mkazo unahama: li-PE-ni. Kwa Kireno pague, "lipa tafadhali", ikiwa pague-me, "nilipe", mkazo haujongei: PA-gue-me. Diga, sema, diga-me, niambie, DI-ga-me. Wanafunzi wangu wote, bila kumbakiza mmoja, huanza na di-GA-me. Hapo angalau maana haipotei, kwa hiyo sipotezi usingizi.

Naupoteza usingizi kwa saí na sai. La kwanza ni "nilitoka", silabi mbili, sa-Í. La pili ni "anatoka", au "toka!", silabi moja, irabu zimeungana. Kwa kuwa sisi hatuunganishi irabu, tunasema SA-i kwa yote mawili, na mtu wa Msumbiji anasikia la pili. Fikiria dereva anayeulizwa na askari wa mpakani lini ametoka Mocímboa da Praia, naye anajibu "sai" kwa sauti ya kujiamini. Amemwamuru askari atoke. Caí na cai, "nilianguka" na "anaanguka", ni ndugu zao. Ile alama juu ya i inafanya kazi mbili kwa pamoja: inaonyesha mkazo na inapasua silabi. Hakuna njia ya mkato hapa ila kutamka, na kutamka tena.

Wapenda ushairi wataniruhusu niwavute kando kidogo. Sisi tunahesabu mizani zote hadi ya mwisho, kwa kuwa tunajua daima kwamba baada ya mkazo imebaki moja. Mreno hawezi, maana baada ya mkazo wake inaweza kubaki moja, mbili, au isibaki hata moja. Kwa hiyo anahesabu hadi silabi yenye mkazo wa mwisho na kuacha zinazofuata. Mshairi Camões, katika Os Lusíadas ya mwaka 1572, ambamo Mombasa na Malindi zimo, aliandika mistari ya mizani kumi kwa hesabu hiyo. Ukiihesabu kwa kanuni ya utenzi utaona mingi ina kumi na moja na utamdhania amepotea. Mstari unaoishia cantaram unafungwa kwenye ta. Ukiishia cantarão unafungwa mwisho kabisa. Mtunzi wa Kireno anajua wakati wa kitenzi chake kwa mizani.

Ninachodai basi ni kidogo. Kozi ya Kireno kwa Waswahili ianze kwa sauti, kitenzi kimoja, nyakati nne, mkazo ukigongwa mezani, hata kama wiki ya kwanza inapita bila mwanafunzi kujua kuomba maji. Vitabu viandike silabi yenye mkazo kwa herufi nene mpaka mwanafunzi azoee kanuni, ambayo kwa kweli si ngumu: neno linaloishia a, e, o, am au em bila alama lina mkazo pili kutoka mwisho, linaloishia r, l, z, i au u lina mkazo mwisho, kinachokiuka hapo kinaandikwa alama. Mtihani wa mwisho uwe wa mdomo kwanza. Na ofisi zetu zinazochapa fomu za Kireno ziache kuzikata alama eti kompyuta haina. Ipo. Nimeshapokea hati ya mzigo iliyoandikwa "pagara" na ikanibidi nipige simu tatu kujua kama pesa imeshatoka, itatoka, au ilishatoka zamani za kale.

Katika hilo la kukata alama, Wareno nao hawana usafi wa kutupa sisi somo. Zamani waliandika pára, "anasimamisha", kwa alama, ili isichanganywe na para, "kwa ajili ya". Mkataba wa Tahajia wa 1990 ukaiondoa. Pôr na pôde wakaziachia alama zao, pára wakaivua. Kichwa cha habari kikisema Greve para o porto, msomaji achague mwenyewe: mgomo kwa ajili ya bandari, au mgomo wasimamisha bandari. Mwenye meli angependa kujua. Mimi katika kazi zangu bado naandika pára na alama yake, na wateja wangu wa ng'ambo ya mto hawajawahi kulalamika. Mmoja wa Lisbon alinirudishia hati akiwa ameifuta kwa wino mwekundu. Nikaiandika tena, nikamtumia pamoja na bili.